Ufa wa Kiini na Safari ya Kiraka

Wazee wa Bariadi waliolima pamba kabla ya Uhuru hawana haja ya kufundishwa kwamba chombo kinachotegemewa na watu wote ndicho kinachostahili kuchunguzwa kuliko vyombo vyote. Katika Jimbo la Ziwa, kama lilivyoitwa zamani hizo, mkulima alichukua pamba yake hadi kituo cha kununulia, akaitua mbele ya mizani, na jasho lake la mwaka mzima likahukumiwa na mshale mmoja ambao aghalabu yeye mwenyewe hakuweza kuusoma. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, pamba ikapimwa machoni pa mwenye mali, si machoni pa mnunuzi peke yake. Na katika juhudi hizo, zilizoongozwa na Paul Bomani na wenzake, vikakua vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa shirikisho moja kubwa lililobeba jina la Ziwa Victoria. Habari za ushirika baada ya hapo zina utamu na uchungu wake, hata mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa na serikali; lakini hizo ni habari za insha nyingine.

Katika kisa hicho nachukua jambo moja tu. Wakulima wale hawakuhesabu kuwa mizani imetengenezwa mpaka ile iliyotengenezwa iliposimama mahali pao wenyewe. Mizani iliyosahihishwa Mwanza haikumfaa chochote mtu aliyepimiwa Bariadi. Kwa kipimo hicho nataka kupima historia ya chombo kingine, ambacho leo kimo mifukoni mwa watu wengi wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa Shinyanga na Mwanza. Chombo hicho ni kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta na simu, na historia ninayoikusudia ni ya nyufa zake na namna zinavyozibwa.

Kompyuta, hata ile ndogo iliyofichwa ndani ya simu, ni mkusanyiko wa vifaa visivyo na hiari: kimoja hukokotoa, kimoja huhifadhi, kimoja huonyesha, kimoja husema na mnara. Programu nyingi hutaka kuvitumia vyote kwa wakati mmoja, na kila moja hudhani kwamba vimewekwa kwa ajili yake. Kiini ni programu iliyo chini ya zote. Ndicho kinachogawa zamu za kazi, kinachogawa kumbukumbu, kinachofungua na kufunga faili, na kinachoamua nani aguse nini.

Msukuma atafahamu upesi nikimtajia ngitili, lile eneo la majani linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Aghalabu ngitili haina ukuta. Kinachoilinda ni neno la wenyewe na jicho la mlinzi. Mpita njia huyaona majani, huyasifu, lakini hawaingizi ng'ombe wake. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa vivyo hivyo: pana sehemu ambayo programu yaweza kuisoma na kuiandika, pana sehemu ambayo yaweza kuisoma tu, na pana sehemu isiyoruhusiwa hata kuitupia jicho. Kiini ndiye mlinzi. Akipitiwa na usingizi, nyuma yake hayuko mlinzi wa pili.

Hatari hiyo ilijulikana mapema. Mwaka 1972 James Anderson aliandika taarifa kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani, akaeleza sifa tatu za mlinzi wa kweli: kila ombi lipite mbele yake bila kukwepa, mtu asiweze kumchezea, na awe mdogo kiasi cha kuweza kuchunguzwa wote mpaka mwisho. Sifa ya tatu ndiyo iliyotupwa kwanza. Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, ulikuwa mdogo na wa kupendeza. Walakini uliandikwa upya kwa lugha ya C, lugha yenye kasi kubwa lakini isiyomhurumia mwandishi wake, kwa kuwa humwachia yeye mwenyewe kazi ya kuhesabu kumbukumbu. Mwandishi akipita mpaka kwa hatua moja, au akitumia sehemu ambayo amekwisha kuirudisha, lugha haimkemei. Sehemu kubwa ya nyufa za viini hutoka hapo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kiini chake kilichofuata mfano wa Unix, nacho kikaitwa Linux. Toleo la kwanza lilikuwa na mistari kama 10,000, kiasi ambacho mtu mmoja mwenye subira aweza kukisoma. Leo mistari yake imepita milioni 30. Anderson angetikisa kichwa. Kiini hichohicho ndicho kilichowekwa chini ya Android, mfumo uliotoka na simu yake ya kwanza mwaka 2008, na kwa njia hiyo kikafika katika maduka ya Bariadi, Maswa na Lamadi bila mtu kulisikia jina lake.

Sasa niingie katika kisa chenyewe, maana habari za nyufa zikisemwa kwa jumla huwa kama habari za ugonjwa bila mgonjwa. Nitakieleza kisa cha ufa uliopewa jina la Dirty COW, yaani Ng'ombe Mchafu. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno yenye maana ya kunakili wakati wa kuandika, na kwa bahati zinafanana na neno la Kiingereza la ng'ombe. Wenye mzaha wakauchorea ufa picha ya ng'ombe. Kwetu sisi wafugaji mzaha huo una ladha zaidi, kwa sababu hatua kwa hatua ni kisa cha wizi ambao mlinzi alitazama kwa macho yake mwenyewe.

Tuseme pana faili la mkuu wa mfumo. Mtumiaji wa kawaida ameruhusiwa kulisoma, hakuruhusiwa kuliandika. Akitaka kuandika juu yake kwa faragha, kiini hakimfukuzi. Humtengenezea nakala, naye akaandika katika nakala, na asili ikabaki salama. Hapo hapana ubaya. Lakini kazi hiyo ina hatua zake. Kwanza kiini hukumbuka kwamba mtu huyu ataka kuandika. Pili humtengenezea nakala. Tatu huliweka kando lile neno la kwamba ataka kuandika, kwa kuwa nakala ipo tayari na hatari imepita. Nne hurudi kuitafuta nakala ili wino umwagwe juu yake. Ufa ulikuwa kati ya hatua ya tatu na ya nne. Programu ya mwizi ina mikono miwili inayofanya kazi pamoja: mkono mmoja huandika, na mkono wa pili humwambia kiini bila kukoma, "Nakala hii siitaki tena, itupe." Kwa kawaida mikono hiyo haikutani. Ikirudiwa maelfu ya mara, hutokea mara moja nakala ikatupwa katika kile kitambo kifupi ambacho kiini kimekwisha kusahau. Kiini kinaporudi hakikuti nakala, kinakuta asili, na kwa kuwa hakikumbuki tena kwamba pana mtu atakaye kuandika, kinamkabidhi hiyo asili. Wino unamwagika juu ya hati ya mkuu. Mtu aliyeandika hivyo katika programu inayotumika kwa mamlaka ya mkuu, naye amekuwa mkuu.

Ufa huo ulikuwa wazi tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007, ukazibwa Oktoba 2016. Miaka 9! Aliyeufichua, Phil Oester, hakuupata kwa kuvisoma vitabu vya kiini. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi kumbukumbu za kila kinachoingia katika kompyuta zake kutoka mtandaoni, na katika kumbukumbu hizo akakuta silaha ambayo mwizi alikuwa amekwisha kuitumia. Maana yake ni kwamba wezi waliujua mlango kabla ya wenye nyumba. Lakini jambo linaloniuma zaidi ni jingine. Torvalds mwenyewe, alipoandika maelezo ya kiraka, alikiri kwamba huo ni ufa wa kale ambao alijaribu kuuziba miaka 11 nyuma, akauziba vibaya. Matengenezo yake ya mwaka 2005 yaliondolewa kwa sababu yalileta taabu katika kompyuta za aina moja kubwa. Baada ya hapo wote wakauona ufa kuwa ni wa nadharia tu, kitambo chake kilikuwa kifupi mno kwa mtu kukiwahi. Kisha mashine zikabadilika, kazi ikagawanywa kwa mikono mingi zaidi, na lililokuwa la nadharia likawa rahisi. Namsifu mtu huyo kwa kuandika kosa lake hadharani. Hata hivyo, yafaa mwanafunzi azingatie kwamba hapakukosekana maarifa. Ufa ulikuwa umeonwa, ukapimwa, ukaahirishwa.

Kiraka chenyewe kilikuwa kidogo sana. Badala ya kulifuta neno la kutaka kuandika, kiini kilifundishwa kuweka alama ya pili inayoshuhudia kwamba nakala imefanywa, na kuukagua ukurasa kabla ya kuandika. Ni mistari michache, kama kipande cha marekani kilichoshonwa gotini mwa suruali. Na kama ilivyo kwa viraka, kilivuta kitambaa kilichokuwa kando yake: Novemba 2017 ilidhihirika kwamba mantiki hiyo, ilipopelekwa katika kurasa zile kubwa za kumbukumbu, haikutosha, ukafunguka ufa mwingine, nao ukahitaji kiraka chake.

Hapa ndipo historia ya viini inapoachana na historia ya nguo. Kiraka cha nguo hakimdhuru mtu mwingine. Kiraka cha kiini kikitangazwa huwa ramani. Kwa kuwa Linux huandikwa hadharani, kila mtu aweza kuyasoma matengenezo yake, na msomaji mwerevu akiona mistari iliyobadilishwa hujua ufa ulikuwa wapi. Kwa hiyo siku ambayo mwenye mashine mpya anakuwa salama, ndiyo siku ambayo mwenye mashine ya zamani anazidi kuwa hatarini. Wenye kiini wanalijua hilo. Wanapoarifiwa ufa kwa siri, huwapa watengenezaji wakubwa wa mifumo siku chache za kujitayarisha, zisizozidi wiki mbili kwa desturi, kisha hutangaza. Tena Torvalds kwa muda mrefu alikataa kuyatia matengenezo ya usalama alama ya pekee. Mwaka 2008 alibishana na watu juu ya jambo hilo, akishikilia kwamba kosa ni kosa, na kulitenga la usalama ni kumtangazia mwizi na kumdanganya mwenye nyumba kwamba mengine yaweza kungoja. Nilipoanza kuisoma hoja hiyo niliiona ni kiburi. Sasa naona ina haki nusu. Tangu Februari 2024 mradi wa Linux umejitwalia kazi ya kutoa wenyewe namba za nyufa zake, na kwa kuwa kosa lolote katika kiini laweza kuwa mlango, namba hizo hutoka kwa maelfu. Wapo wanaolalamika kwamba wingi huo unawafanya wasijue la kushika. Yamkini, lakini uchache wa zamani haukuwa kweli.

Haya, kiraka kimeshonwa, na kisafiri. Kutoka kwa Torvalds hupelekwa kwa watunzaji wa matoleo ya kudumu, hao wakakishona katika viini vya zamani vinavyoendelea kutumika. Kutoka hapo huenda Google, nayo tangu Agosti 2015 hutoa taarifa ya usalama ya Android kila mwezi. Kutoka Google huenda kwa mtengenezaji wa moyo wa simu, ambaye ana kiini chake alichokiongezea mambo yake. Kutoka kwake huenda kwa kampuni yenye jina lililoandikwa mgongoni mwa simu, nayo ina aina kumi au ishirini za simu za kushughulikia, na zile za bei ndogo, ambazo ndizo zinazonunuliwa kwetu, huwa za mwisho, au husahauliwa kabisa mara zinapoacha kuuzwa. Mwishoni kiraka hufika kwa mwenye simu, akiwa na bando la kukipakulia na nafasi ya kukiweka. Ng'ombe Mchafu alizibwa Oktoba 2016. Katika taarifa za Android kiraka chake kilionekana Novemba, kikawa lazima katika ile ya Desemba. Miezi miwili, na hapo ndipo nusu ya njia tu.

Wezi hawakungoja nusu ya pili. Septemba 2017, karibu mwaka mzima baada ya kiraka, kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza habari za programu mbaya iliyoitwa ZNIU, iliyojificha katika programu zaidi ya 1,200 za picha na michezo, ikaonekana katika nchi zaidi ya 40, hasa China na India. Ilitumia ufa uleule kujifanya mkuu wa simu. Kisha, kwa wateja wa China, ilijifanya mwenye simu, ikatuma ujumbe wa malipo kwa kampuni ya simu, ikafuta ujumbe ili mwenyewe asione, tena kwa kiasi kidogo kila mwezi ili asishtuke. Huko ni kupunja hasa, kama mshale wa mizani unaozuiwa kwa ncha ya kidole. Nje ya China haikuweza kutoa fedha kwa njia hiyo, lakini mlango wa siri iliuacha. Nchi yetu ilikuwa na M-Pesa tangu mwaka 2008. Msomaji asifikiri nazungumza mambo ya mbali.

Ni haki kusema kwamba njia imefupishwa. Mwaka 2017 Android ilipangwa upya ili sehemu ya mtengenezaji wa moyo wa simu itengane na sehemu ya Google, na baadaye simu mpya zikaanza kutumia kiini kimoja cha pamoja badala ya kila kampuni kuwa na cha kwake. Mwaka huohuo wa 2017 ilitangazwa kwamba matoleo kadhaa ya kudumu yatatunzwa kwa miaka 6, na simu ndizo zilizokuwa sababu kubwa; walakini mwaka 2023 watunzaji wakasema watarudi katika miaka 2, maana wachache ndio waliokuwa wakivitumia viraka hivyo walivyovishona kwa jasho. Siwalaumu. Fundi anayeshona viraka visivyochukuliwa na mtu huchoka. Ila simu haifi pamoja na kiini chake. Huuzwa mkono wa pili, hurithiwa, huvunjika kioo ikawekwa kingine, ikaendelea.

Serikali nayo imetunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Zote mbili zina kazi yake. Ya kwanza humfuata mwizi akiisha kuiba, na ya pili humbana anayekusanya habari za watu; lakini simu ya zamani iliyoko mfukoni mwa mkulima haizibiki kwa sheria hizo. Mpimaji wa miaka ya 1950 alikuwa amesimama pale pale penye mizani. Naitafuta nafasi ya mtu kama huyo katika safari niliyoieleza, nami naona inaishia kwa kampuni yenye jina mgongoni. Baada ya hapo kila mtu na lake.

Mwaka jana, wakati wa msimu, nilikwenda kumwamkia mama yangu mdogo katika kijiji kimoja cha Bariadi. Ana simu janja aliyoachiwa na mwanawe, na kitochi chake cha zamani kilichofungwa kwa mpira. Niliiomba ile simu janja, nikafungua mahali panapoonyeshwa tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama: 1 Agosti 2016. Nikamweleza kadiri nilivyoweza, habari za ngitili na mlinzi na mikono miwili. Alisikiliza huku akichambua mchicha, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hicho kiraka kinauzwa duka gani?"

"Hakiuzwi, Mama," nikamjibu. "Ni cha bure. Ila waliotengeneza simu hii wamekwisha kuiacha, hakitaletwa."

"Na hii ndogo?"

Nikamwambia kwamba hiyo ndogo ina mfumo mwingine, nayo ina udhaifu wake, lakini haipokei programu za watu, na mwizi wa namna ile hana pa kuingilia. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia nimsaidie kutoa laini katika simu janja na kuirudisha katika kitochi. Fedha ya pamba aliipokea huko wiki iliyofuata, na ile simu kubwa imebaki juu ya kabati, ya kuchezea muziki na kutazamia picha za wajukuu.